Maneno Kumi na Mawili Yasiyo na Tarehe

Gendabi, Jumamosi, saa tisa alasiri

Marselina mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Dirma kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki na meza, kalamu na lile daftari lako dogo la kijani. Mama yako yuko uani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu. Mambo ya sweta, ya kutolala kwa watu usiowajua, ya kupiga simu ukifika Arusha, ameshakuambia yeye, na atakuambia tena kesho bodaboda ikiwa imeshawaka. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, na nataka ulijue kabla hujapanda basi pale Katesh, kwa sababu Jumatatu litakukuta jikoni mimi nikiwa mbali.

Jambo lenyewe ni hili. Ile orodha niliyokupa ya majina ya Kiingereza ya vitu vitamu na maana zake, ambayo umeikariri mpaka unaiimba ukiwa unachota maji, haiko sawa yote. Ina maneno arobaini. Ishirini na manane ni ya kweli. Kumi na mawili niliyatunga.

Rudia kusoma hapo juu kama hukuamini. Niliyatunga.

Najua Jumatatu kuna nini. Yule mpishi mkuu wa upande wa keki, wa hoteli unayokwenda Arusha, alikueleza vizuri kwenye simu: siku ya kwanza atawapa karatasi ya oda kwa Kiingereza, haina picha, na kila mmoja atengeneze kilichoandikwa. Mko watatu, na baada ya mwezi atakayebaki ni mmoja. Ulipokata simu ulimwambia mama yako, "Mimi siogopi, nina orodha ya baba." Nilisikia nikiwa hapa ndani. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Sasa nimekaa na ukubwa wangu nakuandikia.

Hivi ndivyo nilivyogundua. Leo nilitaka kukunakilia orodha upya kwa mwandiko safi, maana lile daftari limeshalowa mafuta. Unanijua, siwezi kunakili kitu bila kukihakiki. Nikatoa zile kaunta buku zangu zote sandukuni, zile ambazo mama yako anasema zitakuja kuzaa panya, nikaanza kulinganisha. Utaratibu wangu unaujua: kila neno pembeni lina tarehe, siku niliyokiona chakula chenyewe kwa macho yangu, na nchi ya mgeni aliyekiomba pale nyumba ya wageni. Scone ina tarehe. Pancake ina tarehe. Pie ina tarehe mbili, kwa sababu mara ya kwanza iliungua. Nikafika kwenye fudge: hakuna tarehe. Nikapekua miaka yote niliyokaa jikoni, hakuna. Sorbet, hakuna. Meringue, hakuna. Nikavua sweta.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa kidato cha pili, umeazima kitabu cha hadithi za Kiingereza kwa mwalimu wako, umekaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa. Tulikuwa tunaandika orodha pamoja, na yale maneno yangu ya kweli yalikuwa yameisha, lakini wewe ulikuwa hujaisha.

"Baba, fudge ni nini?"

"Aina ya pai."

"Na meringue?"

"Tunda. Linaota Ulaya, kwenye baridi."

"Kama tofaa?"

"Kubwa kuliko tofaa."

"Marzipan je?"

Nikakuambia ni jina la mzungu aliyegundua keki. Ukaweka kalamu chini, ukaniangalia, ukasema, "Baba, wewe unajua kila kitu."

Basi. Mtu akishaambiwa hivyo na mtoto wake, atarudi nyuma vipi? Tuliendelea mpaka tukafika arobaini. Mkono wangu mmoja tu ulikuwa na aibu, ule unaoandika. Ulikataa kuweka tarehe.

Ningependa kukuambia kwamba ilikuwa siku hiyo moja. Lakini tabia hiyo niliianza zamani, na iliwahi kumuumiza mtu, na mtu huyo sijawahi kukutajia zaidi ya jina. Ni Mama Halima, aliyekuwa mpishi mkuu pale nyumba ya wageni Katesh nilipofanya kazi.

Mama Halima alitoka Tanga. Aliletwa huku na kazi ya mume wake, akawa analalamika juu ya baridi ya mlima Hanang kila siku ya Mungu. Jikoni alikuwa mkali kama pilipili kichaa, lakini kila ninachokijua cha unga na sukari, yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Hapa kijijini wenzangu walikuwa wakinikuta mashineni wananiuliza, "Mpishi, leo umewakorogea wazungu uji gani?" Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuonekana najua. Mwanaume anayepika, halafu hata anachopika hakijui? Hapana.

Ijumaa moja ikaja familia ya wageni, baba, mama na mtoto wao wa kike. Mtoto alikuwa anatimiza miaka saba kesho yake, na walitaka wapande naye mlima kidogo tu, mpaka msitu unapoanza, wafanyie sherehe huko. Yule mama akaja mlangoni mwa jikoni. Mama Halima alikuwa ameenda kuswali. Akaniuliza kama tunaweza kumtengenezea cupcakes kumi na mbili.

"Yes, madam," nikasema.

Sikuwa nazijua cupcakes. Nilikuwa nazijua muffins, maana zilikuwa kwenye daftari langu, zina tarehe, na nilikumbuka kwamba zinaokwa kwenye vikombe vidogo vya karatasi. Cup si ndiyo kikombe? Nikatulia, nikaona nimeshamaliza hesabu.

Mama Halima akarudi. "Wameagiza nini?"

"Keki ndogo za kwenye karatasi."

"Za namna gani, Petro?"

"Nimeelewa, mama."

Akaniangalia kidogo, akaenda kwenye mchele wake. Nami nikaoka muffins nzuri sana, za ndizi na pumba za ngano, za rangi ya udongo wa Gendabi, zile ambazo watu wazima wanakula asubuhi na kahawa ili tumbo lao lifanye kazi. Nikazipanga kwenye boksi, nikafunga na utepe.

Asubuhi mtoto akaomba alifungue pale pale kabla ya kuondoka. Hakulia. Afadhali angelia. Alichukua moja, akaitazama juu, halafu akaigeuza chini juu, akaitafuta upande wa pili. Akamwangalia mama yake kama mtu aliyepewa viatu vya babu yake. Baba yake akacheka. Mama yake hakucheka.

Tofauti uiandike, mwanangu, hii ni ya kweli na ina tarehe. Muffin na cupcake zinatoka kwenye trei moja na karatasi moja, lakini muffin ni ya kifungua kinywa, ina chengachenga, sukari yake ya wastani, na juu iko wazi. Cupcake ni keki yenyewe hasa, laini, tamu, na juu lazima ivae krimu ya siagi na sukari ya unga. Ukimpa mtu ya wazi siku ya sherehe ni kama umempeleka bibi harusi kanisani na gauni la kushindia.

Meneja akaingia jikoni. Akamsema Mama Halima mbele yangu na wahudumu, kwamba anaaibisha nyumba, kwamba miaka yote hiyo hajui hata keki ya mtoto. Mama Halima akanigeukia. Mimi nilikuwa naosha trei ambayo nilikuwa nimeshaiosha. Niliiosha kwa bidii sana.

"Nisamehe, meneja," akasema yeye. "Tunarekebisha sasa hivi."

Akapiga siagi na sukari, akatia rangi ya waridi, akazivisha zote kumi na mbili kabla gari halijapata moto. Mtoto akapiga makofi. Mama Halima akanawa mikono, akaendelea na kazi. Hakuniuliza kitu. Nami sikusema kitu, siku hiyo, wala wiki ile, wala mwaka ule, mpaka mume wake akahamishwa wakarudi Tanga. Nimefungua ukurasa wa siku ile leo. Umeandikwa hivi: "Leo nimejifunza tofauti ya muffin na cupcake." Basi. Una tarehe, una saa, mwandiko umenyooka, na katika kaunta buku zote hakuna ukurasa wa uongo kama huo.

Umewahi kuniuliza kwa nini napenda kusema "ndiyo" kabla mtu hajamaliza kusema. Nimelelewa hivyo. Kwetu Dirma mkubwa akikutuma, huulizi mara mbili. Kuuliza ni kumwambia kwamba hakusema vizuri. Siku moja babu yako aliniambia, "Kimbia kwa Mzee Bura kalete kile." Nikakimbia. Kile kipi? Sijui. Nikafika, nikasema, "Shikamoo babu. Baba anasema nilete kile." Mzee Bura naye akafikiri, hakutaka kuonekana amesahau makubaliano na jirani yake, akaingia ndani akatoka na kigoda. Nikabeba kigoda. Babu yako alikuwa anataka jembe, tena lilikuwa jembe letu wenyewe. Lakini angekirudishaje kigoda bila kumwaibisha mwenzake? Akasema, "Vyema," akakikalia. Tulikaa nacho miaka miwili, na Mzee Bura akilima kwa jembe letu. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Tunacheka, na ni hadithi nzuri ya jioni. Lakini jikoni kwa wageni adabu hiyo hiyo iligeuka kuwa kitu kingine, na ilinichukua muda kukiona. Yule babu yako alinyamaza ili jirani asiaibike. Mimi nilinyamaza ili nisiaibike mimi, na aibu yangu ikabebwa na mama wa watu.

Aliyenifumbua macho alikuwa mgeni, mzee mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba. Tulikuwa na asali mezani, ya aina mbili: ile nzito ya nyuki wakubwa, na chupa ndogo ya ile nyepesi yenye ukali kidogo, ya nyuki wadogo wasiouma, iliyotoka Yaeda Chini. Yule mzee akaonja ya kwanza, akasema "honey". Akaonja ya pili, akasema "honey", kisha akasita. Akaniita. "Hii ni nini? Mbona ni nyepesi? Nyuki gani? Wanakaa wapi? Mnaitoaje?" Aliuliza mpaka chai yake ikapoa. Baadaye nikaambiwa na dereva wake kwamba yule ni profesa, tena wa wadudu! Nilirudi jikoni nimeduwaa. Kumbe Kiingereza chote kile kina neno moja pale ambapo mtoto wa Yaeda ana mawili, na profesa haoni haya kumuuliza muosha vyombo.

Ungedhani basi nilibadilika. Kidogo tu. Nilijifunza kuangalia kwa makini na kuandika tarehe, ambayo ni njia ya mtu anayetaka kujua bila kufungua mdomo. Ndiyo maana ilipofika siku ya orodha yako, na hakukuwa na wa kumwangalia, nikatunga.

Sasa sikia kilichotokea leo saa saba na nusu. Nilimweleza mama yako habari yote. Hakushtuka sana. Akauliza, "Huyo Mama Halima namba yake unayo?" Nikamwambia ninayo, niliipata kwa dereva mmoja, iko kwenye kaunta buku ya mwaka juzi. "Basi piga. Au unangoja orodha ijirekebishe yenyewe?"

Nikapiga. Nilisimama wima kama mtoto anayepeleka ripoti mbaya nyumbani.

"Shikamoo, Mama Halima."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Petro. Petro wa Katesh, wa jikoni."

Kikaja kicheko ambacho mama yako alikisikia uani. "Petro wa keki za kipara!"

"Kumbe ulijua, mama?"

"Nijue nini? Jikoni tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa msikitini. Tena nyie watu wa huko, mtu akiwauliza mmeelewa, hata paa likiwaka moto mnajibu ndiyo."

"Mbona hukunitaja kwa meneja?"

"Ningekutaja ungefukuzwa, halafu nani angenisugulia masufuria? Nilisema atakuja mwenyewe aniambie. Nikangoja. Nikangoja. Nikahamia Tanga."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yalitoka matatu tu. Akasema, "Nimekusamehe siku nyingi, baba. Lakini miaka kumi na moja! Ugali wako unaiva lini?" Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Umefanya vizuri kupiga. Siku ile iliniuma." Nimekuandikia na hilo, sitaki ubaki na kicheko peke yake.

Kisha nikamsomea yale kumi na mawili. Nilipofika kwenye tunda la Ulaya nilimsikia akigeukia watu wake wa nyumbani: "Njooni msikie, anasema meringue ni tunda!" Nyumba nzima ya Tanga ikanicheka, na watoto wakiwemo. Nikaona si vibaya kama nilivyodhani. Saba alikuwa anayajua, na haya ndiyo majibu yake, uyashike badala ya yangu. Meringue ni ute wa yai uliopigwa na sukari mpaka ukasimama, ukaokwa kwa moto mdogo ukakauka. Fudge ni maziwa, sukari na siagi vilivyochemshwa mpaka vikashikana, inakatwa vipande, inayeyuka mdomoni. Marzipan si mtu, ni lozi zilizosagwa na sukari zikawa kama unga uliokandwa. Trifle na truffle, ambazo nilikuandikia kwamba ni kitu kimoja kwa matamshi mawili, hazijuani kabisa: trifle iko kwenye bakuli la kioo, keki chini, matunda, kastadi, krimu, tabaka juu ya tabaka; truffle ni kidonge cha chokoleti unachokitia mdomoni mara moja. Sorbet ni barafu ya maji ya matunda na sukari, haina maziwa. Yenye maziwa ndiyo ice cream. Na brittle, alipoisikia aliguna: "Hiyo kashata, Petro. Kashata ya karanga. Wamebadilisha jina tu."

Yakabaki matano: nougat, butterscotch, parfait, strudel, blancmange.

"Hayo siyajui," akasema.

"Huyajui?"

"Siyajui. Nougat nimeisikia, sijaitia mkononi. Mtoto akaulize huko huko."

Mwanangu, laiti ungesikia alivyolisema. Alilisema kama mtu anavyosema leo kuna jua. Mpishi wa miaka thelathini, mwalimu wangu, na dari haikuanguka. Nimeishi miaka hamsini na mbili kabla ya kusikia kwamba neno hilo linaweza kusemwa kwa sauti ya kawaida.

Nimeshanakili orodha. Ishirini na manane yako kama yalivyokuwa. Yale saba nimeyaandika upya, tarehe ni ya leo, na mahali pa nchi nimeweka "Mama Halima, kwa simu." Matano yana jina tu, mbele ni mstari mtupu. Usiku wa leo na safari ya kesho zinatosha kufuta ulivyokariri vibaya. Kichwa chako ni chepesi kuliko changu.

Likikutokea mojawapo ya hayo matano kwenye karatasi ya Jumatatu, au lingine ambalo hakuna mtu wa Hanang aliyewahi kuliandika, mwambie mpishi mkuu kabla hujagusa unga: hiki sijawahi kukiona, kikoje? Kinaliwa na kijiko au kwa mkono? Cha moto au cha baridi? Juu kinavaa nini? Wenzako wawili huenda wakakuangalia. Sijui kama anayeuliza ndiye atakayebaki mwisho wa mwezi. Ningeweza kukuandikia hapa kwamba ndiye, na ungefurahi, lakini nimeshakuahidi mambo mengi nisiyoyajua. Ninachokijua ni upande mwingine tu, jinsi trei safi inavyooshwa mara ya pili, na sitaki uijue kazi hiyo.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii kwenye begi lako, katikati ya kanga, uikute ukiwa umeshafika. Mama yako alikuwa ameshanitengea na nafasi. Nimebadili mawazo. Ni mtindo ule ule wangu wa kusema jambo nikiwa mbali. Nasikia pikipiki ikipanda kilima, nadhani ni wewe. Nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kiti cha pili wakati unasoma. Ukitaka kucheka, cheka. Ukikasirika, kasirika nikiwepo. Ukimaliza, niulize chochote unachotaka. Nisichokijua nitakuambia sijui.

Baba yako,
Petro